Jiko lisilofuka moshi chumbani ndilo la kuogopwa zaidi

Juni ikiingia, Njombe hubadilika. Ukungu hukaa juu ya mashamba ya chai na viazi hadi jua linapopanda, watoto huenda shule na makoti na kofia za sufu, na jioni milango hufungwa mapema. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, ndicho kipindi chake cha baridi kali kuliko vyote. Juu zaidi, Makete na Uwanda wa Kitulo, kuna asubuhi nyasi huamka zimefunikwa na barafu nyembamba.

Hali hiyo si ya Njombe pekee. Iringa, Mbeya, Lushoto, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na huko Kenya maeneo kama Limuru na Nyandarua, kila familia wakati huu hutafuta namna ya kupata joto. Kwa nyumba nyingi namna hiyo ni moja tu: jiko.

Jiko la mkaa likishaivisha ugali wa jioni, halizimwi. Linabebwa na kuingizwa ndani, mara nyingi katika chumba wanacholala watoto, kwa sababu wao ndio wanaosikia baridi zaidi. Dirisha linafungwa, mlango unafungwa, na tambara linasukumwa chini ya mlango kuzuia upepo. Asubuhi, katika baadhi ya nyumba, majirani hulazimika kuvunja mlango huo.

Habari za watu kukutwa wamefariki kitandani, jiko likiwa pembeni, hurudi karibu kila msimu wa baridi. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wa waliopoteza maisha kwa njia hii hawakuwa wazembe. Waliwasha jiko nje. Walisubiri hadi moshi uishe na mkaa ukolee vizuri. Ndipo wakaliingiza ndani, wakiamini hatari imebaki uani.

Kosa liko hapo hapo, katika imani kwamba hatari ya moto ni moshi.

Moshi umeisha, sumu ipo

Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Kwa mkaa, moto upo na moshi haupo, na sumu huendelea kutoka.

Kuni au mkaa unapoungua kwa hewa ya kutosha, hutoa joto na hewa ukaa, ile inayotajwa kila siku kwenye habari za mabadiliko ya tabianchi. Hewa isipotosha, uunguaji haukamiliki, na hapo hutoka hewa nyingine inayoitwa kaboni monoksidi. Majina yanafanana, lakini hii ya pili ni sumu kali. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikereketi koo. Mtu anaweza kuivuta usiku kucha bila kujua kuna kitu chochote hewani.

Mkaa uliokolea na kuwa mwekundu ni chanzo kikubwa cha hewa hiyo. Moshi unaoonekana wakati wa kuwasha hutokana na unyevu na mabaki mengine yaliyomo ndani ya mkaa, na hayo huisha mapema. Kinachobaki ni kaa jekundu lenyewe, na kaa hilo hutoa kaboni monoksidi hadi linapozimika kabisa. Kwa maneno mengine, dakika ambayo mzazi anaona jiko limekuwa safi na salama kuingizwa ndani, ndiyo dakika linapoendelea kutoa sumu bila kumpa ishara yoyote.

Ndiyo maana mkaa huua kimya kimya kuliko kuni. Kuni ndani ya chumba kilichofungwa nazo hutoa sumu hiyo hiyo, lakini moshi wake humfukuza mtu kabla hajalala. Mkaa haumfukuzi mtu.

Inavyofanya kazi mwilini

Damu husafirisha oksijeni kwa kutumia himoglobini, chembe inayoipa damu rangi nyekundu. Kaboni monoksidi hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikiingia mwilini, inakaa kwenye nafasi ya oksijeni na kukataa kuondoka.

Mfano wake ni daladala iliyojaa abiria wasioshuka. Gari linazunguka kituo hadi kituo, lakini wenye haja ya kusafiri hawapati nafasi. Mapafu yanapumua, moyo unapiga, damu inazunguka, lakini ubongo na moyo wenyewe havipati oksijeni.

Watoto huathirika haraka zaidi kwa sababu hupumua mara nyingi kwa dakika kuliko watu wazima, hivyo huvuta hewa nyingi zaidi kwa kulinganisha na uzito wao. Mtoto aliye tumboni yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa damu yake huishika sumu hiyo kwa nguvu na huchelewa kuiachia. Mama mjamzito anaweza kujisikia nafuu huku mtoto tumboni bado ana shida.

Kwa anayelala, sumu humkuta hana ulinzi. Maumivu ya kichwa ambayo yangemwamsha hayamwamshi, kwa sababu ubongo umeshaanza kulewa. Usingizi wa kawaida unageuka kuzimia, na kuzimia kunageuka kifo.

Mbona bibi alilala na moto?

Swali hili huulizwa na wazazi wengi, na ni swali la haki. Vizazi vilivyopita vya nyanda za juu vililala kando ya moto, watoto wakiota moto hadi usingizi unawachukua, na watu walizeeka.

Jibu la kwanza ni nyumba. Nyumba ya nyasi ilipumua. Moshi ulipenya kwenye paa, upepo uliingia kati ya ukuta na mapaa. Nyumba ya leo ina tofali za kuchoma, plasta, dari na madirisha ya vioo yanayofungwa kabisa. Ni nyumba nzuri, inazuia baridi, na kwa sababu hiyo hiyo inazuia sumu kutoka.

Jibu la pili ni kwamba bibi alitumia kuni, na kuni humfukuza mtu. Moto ukizidi moshi, mlango ulifunguliwa.

Jibu la tatu ni kwamba bibi hakupona bure. Macho mekundu, kikohozi kisichoisha na pumzi fupi za uzeeni vilichukuliwa kuwa sehemu ya umri. Leo inajulikana kwamba moshi wa jikoni huchangia magonjwa sugu ya mapafu, magonjwa ya moyo, kiharusi na hata mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Kwa watoto wadogo, kuvuta hewa hiyo huongeza karibu mara mbili uwezekano wa kupata nimonia na maambukizi mengine ya mapafu.

Kwa hiyo moshi wenyewe si wa kupuuzwa. Tofauti ni kwamba moshi hudhuru kwa miaka, na kaboni monoksidi inaweza kumaliza kazi usiku mmoja.

Tahadhari zisizotosha

Familia nyingi zina njia zao za kujikinga. Baadhi hazisaidii kitu, na nyingine huongeza hatari.

Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko au pembeni. Maji huongeza unyevu hewani, na pua hukauka kidogo tu. Hayaondoi kaboni monoksidi.

Kufunika makaa kwa majivu ili yadumu hadi asubuhi. Majivu hupunguza hewa inayofika kwenye mkaa, na uunguaji unazidi kuwa nusu nusu. Joto linapungua, sumu inaendelea kutoka usiku kucha.

Kuacha dirisha wazi kidogo. Ni afadhali kuliko kufunga kabisa, lakini hakuna mzazi anayeweza kupima kwa macho upenyo gani unatosha. Upepo ukigeuka, au mtoto akiamka na kulifunga kwa sababu ya baridi, kinga imekwisha.

Kutumia jiko banifu. Majiko haya ni mazuri kwa sababu hula mkaa kidogo na hupunguza moshi jikoni. Hata hivyo, ni ya kupikia mahali penye hewa. Yakiingizwa chumbani hutoa sumu kama mengine.

Kuwasha jiko la gesi na kuliacha lipashe chumba. Gesi nayo hula oksijeni ya chumba, na hewa ikipungua huanza kutoa kaboni monoksidi.

Pasi ya mkaa imo kwenye kundi hilo hilo. Kunyoosha sare za shule ndani ya chumba kilichofungwa, saa kumi na moja alfajiri, wakati mdogo wao bado amelala pembeni, ni sawa na kumwekea jiko.

Dalili zinazodanganya

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na miguu kukosa nguvu. Zikiendelea, mtu huchanganyikiwa, huongea kama mlevi, hupumua kwa shida, hupata degedege au huzimia. Kwa mtoto mchanga, dalili inaweza kuwa kulegea tu, kukataa kunyonya au usingizi usio wa kawaida.

Ni rahisi kudhani ni mafua, malaria, chakula kibaya au jinamizi. Wako pia wanaodhani wamerogwa, hasa nyumba nzima inapoamka hoi siku moja.

Kuna mambo matatu yanayoweza kumsaidia mzazi kutofautisha. Kwanza, watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kwa wakati mmoja. Pili, kichwa kinauma lakini mwili hauna homa. Tatu, wanapata nafuu wakitoka nje na kuumwa tena wakirudi ndani. Jiko likiwa limewashwa, yanatosha kuchukua hatua.

Mtu akikutwa amezidiwa

Anayeingia kuokoa aanze kwa kufungua milango na madirisha yote, kisha awatoe watu nje kwenye hewa safi haraka. Asikae ndani kutafuta chanzo, na asimwage maji kwenye jiko, kwa kuwa mvuke na majivu ya moto vinaweza kumuunguza. Watu kwanza, jiko baadaye. Msaada zaidi unaweza kuombwa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe. Asiyepumua aanzishiwe huduma ya kwanza ya kumrudishia pumzi na kukandamizwa kifua kama kuna anayeijua, huku usafiri ukitafutwa.

Asipewe maziwa. Imani kwamba maziwa huondoa kila sumu imeenea, lakini sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni. Maziwa yakimwagwa kinywani mwa aliyezimia yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua kabla sumu haijamuua.

Tiba ni oksijeni, na hutolewa hospitali. Katika hewa ya kawaida, sumu iliyomo kwenye damu huchukua saa nne hadi sita kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni safi inayotolewa kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Kwa ubongo wa mtoto, tofauti hiyo ni kubwa.

Jambo moja mzazi asilisahau akifika kwa muuguzi au daktari: aseme wazi kwamba kulikuwa na jiko chumbani. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksidi, hivyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye katika hatari. Bila maelezo ya mzazi, mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani na dawa za kutuliza maumivu.

Hata aliyepata nafuu apimwe. Kwa baadhi ya watu, usahaulifu, mabadiliko ya tabia au kutetemeka hujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye.

Chumba cha mzazi

Hakuna chumba kinachopelekewa jiko kwa upendo kama cha mama aliyejifungua. Ndugu hukusanyika, maji ya kumkanda huchemshwa, na jiko huwekwa karibu na kitanda, wakati mwingine chini yake, ili mama na mtoto wasipigwe na baridi katika siku zile 40.

Wasiwasi wa wazee una msingi. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, na baridi inaweza kumuua. Lakini joto salama kuliko yote kwake ni kifua cha mama. Mtoto avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe blanketi huku uso wa mtoto ukiwa wazi. Njia hii inatumika hospitalini kwa watoto njiti, na baba au bibi anaweza kuifanya mama anapopumzika, mradi anayembeba asisinzie.

Kuoga nako kusiharakishwe. WHO inashauri mtoto asiogeshwe katika saa 24 za kwanza. Baada ya hapo, katika maeneo ya baridi, saa za mchana zenye jua zinafaa kuliko alfajiri.

Bibi au shangazi anayeleta jiko haleti ubaya. Asiaibishwe mbele ya wageni. Apewe kazi nyingine ya kumtunza mtoto: kumbeba kifuani, kupasha nguo zake jikoni kabla hajavalishwa, kuchemsha uji wa mama. Nia yake ni joto, na joto litapatikana.

Jiko la kuni lenye dohani

Si kila moto ndani ya nyumba ni kosa. Katika nchi za baridi, familia nyingi hupasha nyumba kwa jiko la kuni la chuma, na katika nyanda za juu za Tanzania zipo nyumba za zamani zenye mahali pa moto palipojengwa ukutani. Tofauti iko kwenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi.

Jiko la namna hii ni sanduku lililofungwa, lenye mlango na tundu la kuingizia hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda kwenye bomba hadi juu ya paa, na inapopanda huvuta hewa mpya kuingia motoni. Chuma kinabaki na joto na kulisambaza chumbani, huku moshi na sumu vikienda nje. Bila bomba hilo, chombo hicho ni jiko la kawaida lenye umbo zuri.

Mwenye uwezo wa kujenga jiko hili atafute fundi anayelijua. Bomba lipite paa na kutokeza juu yake, liwe na kofia ya kuzuia mvua, na lisiguse mbao za dari. Lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka kabla ya baridi, kwa kuwa masizi na viota vya ndege huliziba. Moshi ukianza kurudi ndani, moto uzimwe na bomba likaguliwe siku hiyo hiyo.

Kuni ziwe kavu, zilizopasuliwa na kukaa chini ya paa kiangazi kizima au zaidi. Kuni mbichi hutoa sauti ya kuchemka, hutoa moshi mwingi na kuacha masizi yanayonata ambayo yanaweza kushika moto ndani ya bomba.

Onyo moja linawahusu hasa watu wa Njombe, Makambako na Mafinga, ambako viwanda vya nguzo na mbao ni vingi. Vipande vya nguzo za umeme na mbao zilizowekwa dawa ya kuzuia mchwa visichomwe, ndani wala jikoni. Dawa hizo zina kemikali, nyingine zikiwa na aseniki, ambayo hutoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu. Mabanzi ya msindano au miwati yasiyo na dawa hayana shida hiyo, mradi yamekauka.

Hata dohani haiondoi umakini wote. Huko England, tangu Oktoba 2015, mwenye nyumba anayepangisha analazimika kisheria kuweka king'ora cha kaboni monoksidi katika chumba cha kuishi chenye jiko la kuni au makaa. King'ora hicho ni tofauti na cha moshi, na anayekinunua asome maandishi kwenye boksi. Kisitumike kama ruhusa ya kuingiza jiko la mkaa chumbani.

Kulala na joto bila moto

Familia isiyo na dohani bado ina njia. Wazo kuu ni moja: moto ubaki jikoni, joto lake ndilo liingie chumbani.

Jioni watu wakae jikoni penye hewa, waote moto, wale chakula cha moto pamoja. Jiko la uani lenye nafasi chini ya paa linafaa kuliko sebule iliyofungwa. Watoto waende kulala wakiwa tayari wamepata joto, kwa kuwa blanketi halitengenezi joto, hulinda lililopo.

Maji ya moto, yasiyochemka, yatiwe kwenye chupa imara inayofunga vizuri, ifungwe kwa kitambaa kizito au khanga iliyokunjwa, iwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala. Mtoto akipanda, chupa iondolewe ili isimuunguze.

Nguo mbili tatu nyepesi zikivaliwa pamoja hushinda sweta moja zito. Soksi ziwe kavu. Godoro likiwa chini, liwekewe mkeka, maboksi au blanketi kuukuu, maana baridi nyingi hutoka sakafuni. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta wa nje. Mchana madirisha yafunguliwe jua liingie, na kabla ya jua kuzama yafungwe.

Wenye umeme wanaotumia hita wajue kwamba hita ya wati 2,000 hula uniti mbili kwa saa. Ikiwashwa kwa muda kabla ya kulala na kuzimwa, inatosha kwa wengi. Isichomekwe kwenye nyaya za kuunganisha zilizochakaa, na nguo zisianikwe juu yake.

Mtoto akikohoa, mzazi ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya kwenda kituo cha afya bila kusubiri. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, safari ianze saa hiyo.

Msimu wa kuota moto ni msimu wa kuungua pia. Mtoto akiungua, sehemu hiyo imwagiliwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili mwingine ukifunikwa asipatwe na baridi. Dawa ya meno, unga, ute wa yai na mafuta vikae mbali. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, aende hospitali.

Wanaosahaulika

Wazazi wengi wakishaondoa jiko chumbani kwao hudhani kazi imekwisha. Bado kuna mwanafunzi aliyepanga chumba karibu na shule ya kata, anayepika na kulala ndani ya kuta nne hizo hizo. Kuna dada wa kazi anayelala stoo. Kuna mlinzi kwenye kibanda cha mabati getini, ambaye mwenye nyumba mwenyewe humpelekea makaa kwa huruma saa tano usiku.

Hao nao wanahitaji joto, na kuwakataza bila kuwapa mbadala ni kuwaambia wafiche jiko. Blanketi la pili, koti zito, chupa ya chai na maelezo ya dakika tano vinaweza kuokoa maisha. Kwa mtoto aliye mbali, simu moja leo jioni inatosha: jiko lako linalala wapi?

Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni hatua njema kwa mapafu ya mama na mtoto. Lakini katika maeneo ya baridi, jiko la mkaa lina kazi mbili, kupika na kupasha joto. Mtungi wa gesi unachukua kazi ya kwanza tu. Familia inaweza kupika kwa gesi mwaka mzima na bado ikaingiza mkaa chumbani Julai.

Ndiyo maana kila nyumba inahitaji sheria yake, inayojulikana hadi kwa mtoto wa darasa la kwanza: kabla ya taa kuzimwa, jiko liwe nje. Liwe limezimwa au bado jekundu, linafuka au halifuki, liwe nje. Lisilofuka ndilo lianze kutoka.